Mchoro wa mtaro usomwe kuanzia mwisho wake

*"Shikamoo mhandisi. Nimehitimu uhandisi wa mazingira mwaka jana, na sasa nina wiki ya tatu kwenye ofisi ya wahandisi washauri hapa Dar es Salaam. Nilitegemea kupangiwa majisafi au majitaka, lakini nimepangiwa mitaro ya maji ya mvua. Bosi amenipa mchoro wa mtaro wa mita 600 'niukague upande wa mazingira'. Wenzangu waliosomea ujenzi wanasema mtaro ni zege na mteremko tu, sasa mimi nitaongeza nini? Naomba unieleze kazi hii hasa ni ipi, na huo mchoro nianze nao wapi."*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huo mchoro ulio mezani kwako, maana nikiueleza vizuri nitakuwa nimeshakujibu mengine karibu yote.

Usianze na karatasi ya kwanza. Nenda kwenye ile inayoonyesha mtaro unapoishia. Mara nyingi utakuta mshale umechorwa na maneno machache: "kwenye mkondo uliopo". Mshale ule ndio kazi yako. Panda daladala uende ukauone huo mkondo. Upo kweli, au ulikuwepo wakati picha ya anga inapigwa na sasa kuna ukuta wa mtu? Kama upo, una upana gani, na kwa sasa unapokea maji ya mitaa mingapi? Chini yake kuna nyumba, soko, kisima, bustani ya mchicha? Na kalvati iliyo mbele, ile inayopita chini ya barabara kubwa, ina ukubwa gani ukilinganisha na mtaro wenu mpya?

Nakwambia haya kwa sababu mwaka wangu wa pili kazini nilipitisha mchoro bila kwenda mwisho wake. Ulikuwa mji mdogo wa mkoani, mtaro mzuri wa zege uliokomboa mtaa mzima uliokuwa ukijaa maji kila masika. Uliishia kwenye uwanja wa wazi. Kwenye ramani uwanja ule ulionekana hauna kitu. Masika ya kwanza maji yalitoka pale mdomoni kwa kasi ambayo ardhi ile haikuwahi kuiona, yakachimba korongo, na korongo likawa linakula udongo kila mvua ikinyesha mpaka likafika kwenye msingi wa nyumba ya mzee mmoja. Aliniita nikaone. Hakunifokea. Alinionyesha ufa ukutani, akaniuliza kama yale maji ni yale yale yaliyokuwa yakituama kule juu. Yalikuwa ni yale yale. Tuliyatoa kwa majirani zake tukampelekea yeye, tena kwa haraka zaidi. Tangu siku ile sijasoma mchoro wa mtaro kuanzia juu.

Wenzako hawajakosea wanaposema mtaro ni zege na mteremko. Hiyo ni sehemu yao na wanaijua. Swali lako wewe ni tofauti: maji haya yanatoka wapi, yamebeba nini, na yanakwenda kumfanya nani nini? Asipokuwepo mtu mezani wa kuuliza hivyo, mtaro unaweza kukamilika na kuzinduliwa, na shida ikawa imehama kata tu.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu ndogo, maana hoja isiyo na namba haitasikilizwa kwenye kikao. Kwa eneo dogo la mjini hutumika kanuni rahisi: zidisha mgawo wa maji yanayotiririka (yaani sehemu ya mvua isiyozama ardhini), ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na ukubwa wa eneo kwa hekta, kisha gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme eneo lako ni hekta 10 na mvua unayosanifia ina ukali wa milimita 90 kwa saa. Eneo hilo lilipokuwa na nyasi, miembe na mihogo, mgawo wake ungekuwa kama 0.3, na maji yangekuwa mita za ujazo 0.75 kwa sekunde. Leo ni bati, pevingi na lami, mgawo ni 0.8: mita za ujazo 2. Mvua haijabadilika hata tone. Tulichobadilisha ni ardhi. Watu wakikwambia "siku hizi mvua zimezidi", wanaweza kuwa na haki yao, lakini anza kwa kuwaonyesha hizi namba mbili.

Mtaro wa zege wenye upana wa mita 1.2, maji yakiwa na kina cha sentimita 80 na mteremko wa nusu asilimia, unabeba takribani mita za ujazo 2.2 kwa sekunde. Unatosha, na mchoro wako huenda una vipimo vinavyokaribia hivyo. Ila ujaze mchanga nusu. Wengi hudhani utabeba nusu ya maji. Hesabu inakataa: kina kimepungua, maji yanasuguana na mchanga badala ya zege laini, mwendo nao unashuka, na kinachobaki ni kama mita za ujazo 0.65, chini ya theluthi moja. Mchanga wa nusu mtaro si jambo la kushangaza, ni hali ya mtaro wa kawaida baada ya masika mawili bila kuzibuliwa. Kwa hiyo unapokagua, uliza mchanga utatoka wapi. Kuna barabara ya vumbi inayoshuka kwenye mtaro? Kuna kilima kilichokatwa kwa ajili ya viwanja? Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, hadi baharini pale Selander. Udongo unaomomonyoka huko juu ndio unaopandisha kitanda cha mto huku chini. Barabara ya Morogoro inapofungwa kwa mafuriko pale Jangwani, sehemu ya sababu iko kilomita nyingi kutoka pale.

Angalia na mteremko. Dar kuna maeneo tambarare ambako nusu asilimia ni ndoto. Mtaro ule ule ukiulaza kwenye mteremko wa moja ya kumi ya asilimia, unabeba chini ya nusu ya yale maji ya mwanzo, na mwendo ukishuka sana mchanga unatua. Kama mtaro unaishia karibu na bahari, kuna jambo jingine ambalo wavuvi wanalijua kuliko wahandisi wengi: bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu inazidi mita 3. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mdomo wa mtaro unazama, maji yanakosa pa kutokea na yanarudi mitaani hata kama mtaro ni mpana kiasi gani. Kwenye mchoro tafuta kimo cha mdomo wa mtaro ukilinganishe na kimo cha maji ya bamvua. Ukikuta kimo hicho hakijaandikwa, hiyo ni hoja yako ya kwanza.

Sasa uchafu, ambao ndio hasa ulioukalia shule miaka minne. Kwenye makaratasi maji ya mvua hayahesabiwi majitaka. Mtaani mambo ni mengine. Mvua ikianza kushika, wapo wanaotapisha vyoo kwenye mtaro. Unalijua hilo, kila mtu Dar analijua. Usiwahukumu haraka: choo kimejaa, gari la kunyonya haliingii kwenye kichochoro, na likiingia bei yake ni chakula cha siku kadhaa. Ongeza mafuta machafu ya gereji, maji ya machinjio, majivu, nepi, chupa na mifuko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu kuliko zote, kwa kuwa inaosha miezi ya uchafu kwa nusu saa. Kisha watoto wanacheza mle, na mchicha unamwagiliwa kwa hayo maji. Kipindupindu kilicholipuka Dar mwaka 2015 kilikumbusha wengi kwamba maji ya mtaro na maji ya kunywa hayako mbali kama tunavyodhani, hasa mahali ambapo bomba la majisafi limepitishwa ndani ya mtaro na lina nyufa. Hilo pia likague. Tembea mita zote 600 uhesabu mabomba yanayokatisha au kulala ndani ya mtaro, na mabomba madogo ya plastiki yanayotoka kwenye kuta za nyumba. Piga picha, weka alama kwenye ramani. Orodha hiyo hakuna mwingine atakayeitengeneza.

Kuhusu taka, utaambiwa watu hawana ustaarabu. Kabla hujakubali, tafuta ghuba la taka la karibu na uulize gari hupita mara ngapi kwa wiki. Nimeona mitaro miwili ya ukubwa mmoja katika kata moja, mmoja safi na mwingine umeziba, na tofauti ilikuwa ratiba ya gari. Vifuniko navyo: vya chuma huibwa vikauzwa kama vyuma chakavu, vya zege nzito haviinuliki na kuzibua kunashindikana. Kifuniko ambacho vijana wawili wanaweza kukiinua kwa nondo, na hakina thamani kwa muuza chakavu, ni usanifu mzuri kuliko unavyosikika.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo michoro huwa haina nafasi ya kulijibu: mtaro ni wa nani? Mtaro wa barabara ya mtaa uko chini ya TARURA, wa barabara kuu chini ya TANROADS. Taka ni za halmashauri. Majitaka ni ya DAWASA. Mto unaopokea maji uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mtaro mmoja, milango mitano. Tope likitolewa mtaroni na kuachwa ukingoni, kama inavyotokea kila mara, mvua inayofuata inalirudisha, na kila ofisi ina sababu nzuri ya kusema si lake. Andika kwenye ripoti yako nani atazibua, mwezi gani, kwa fungu lipi, na tope litapelekwa wapi. Masika huanza Machi na vuli Oktoba, kwa hiyo uzibuaji ufanyike Februari na Septemba. Ukikosa jina la mwenye jukumu, sema wazi kwamba halipo. Bosi wako anaweza kukwambia hilo si la mhandisi. Mvumilie, lakini usilifute.

Sehemu ninayoipenda mimi iko juu ya mtaro, kule maji yanakotoka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 50: lita 5,000. Nyumba 200 za namna hiyo ni lita milioni moja, sawa na mtaro wako wa mita za ujazo 2 kwa sekunde ukiwa umejaa pomoni kwa zaidi ya dakika nane. Huwezi kuyakusanya yote, tenki zitakuwa zimejaa siku ya pili ya mvua, na watu hawana pesa ya tenki kubwa. Lakini ukiweza kuchelewesha sehemu yake tu, kwa tenki kwenye shule na misikiti na makanisa yenye mapaa makubwa, kwa uwanja wa mpira ulioshushwa nusu mita ili ubebe maji kwa saa chache, kwa miti iliyoachwa badala ya kukatwa, kilele cha mafuriko kinapungua na wa chini wanapumua. Kuwa makini na mambo mawili. Bwawa la kuchelewesha maji likauke ndani ya siku tatu, la sivyo umezalisha mbu. Na usipeleke maji ya barabarani yakanywewe na ardhi karibu na visima, hasa kwenye mchanga kama wa Kinondoni ambako uchafu unashuka upesi. Kwenye mfinyanzi wa bondeni hayatazama kabisa. Chimba shimo, mimina maji, tazama saa. Kipimo hicho hakihitaji maabara.

Utakutana na watu. Bondeni utawakuta wanaoishi ndani ya zile mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazikataza kwa shughuli za kudumu za binadamu. Wengine wana X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwa miaka, wengine walilipa serikali kodi ya jengo hilo hilo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua takribani watu 40 hapa mjini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Baadhi walirudi, kwa sababu riziki ilikuwa Kariakoo na si Mabwepande. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2022, umelazimika kuanza na fidia na kuhamisha watu kabla ya kugusa mto. Kwa hiyo mstari wako kwenye mchoro unaweza kuwa chumba cha mtu. Ukienda mtaani pita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, jitambulishe, na usiahidi fidia wala kubomoa, huna mamlaka ya lolote kati ya hayo. Uliza kinamama wanaouza vitumbua asubuhi maji yalifika wapi. Wataweka kiganja ukutani. Pima kutoka chini hadi kwenye kiganja kile uandike tarehe. Takwimu za mvua utazipata Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini kimo cha maji kwenye kichochoro kile kinajulikana na aliyelala juu ya meza usiku ule.

Watakuuliza pia: "Mtaro huu ukijengwa hatutafurika tena?" Jibu kwa ukweli. Mtaro uliosanifiwa kwa mvua ya miaka 10 maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi ya kuja mvua inayouzidi. Ndani ya miaka 10 nafasi ya kuzidiwa angalau mara moja ni kama asilimia 65, na ndani ya miaka 25 ni zaidi ya 90. Sio kwamba ukifurika mwaka huu umeshalipa deni la miaka tisa ijayo. Ndiyo maana mchoro mzuri unaonyesha na njia ya maji yanayomwagika: yakizidi, yapite barabarani au uwanjani, yasipite vyumbani. Itafute njia hiyo kwenye mchoro wako. Nitashangaa ukiikuta.

Kuhusu kujiendeleza nitakuwa mfupi. Jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, ingia kwenye mpango wao wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu, na andika kitabu chako cha kumbukumbu kila wiki, sio mwisho wa mwaka kwa kukisia. Jifunze programu tatu: QGIS ya kuchora ramani, SWMM ya mitaro ya mjini na HEC-RAS ya mito, zote ni za bure. Soma data ya Ramani Huria: kuanzia mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora kata za Dar kwa mkono na simu, mitaro ikiwemo, na mpaka leo naanzia hapo nikipewa eneo nisilolijua. Ofisini utakuta watu wanatumia mbinu ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyochapishwa na maabara ya TRRL ya Uingereza mwaka 1976. Ni kazi ya heshima, ilipima mabonde halisi ya huku kwetu, ila ilikuwa ya mabonde ya mashambani. Usiitumie kwenye mitaa iliyobanana nyumba kama Manzese. Na programu yoyote ile usiiamini mpaka imekupa namba inayokaribiana na ile uliyoipata kwa kalamu.

Nunua buti za mpira na koti la mvua kwa pesa yako kama ofisi haijatoa. Mvua kubwa ikinyesha mchana wa kazi, omba ruhusa uende kwenye mtaro. Simama mahali pa juu, penye watu, wala usiingie kwenye maji yanayokwenda hata kama yanaonekana ya gotini. Kifuniko kilichoibwa huwezi kukiona chini ya maji ya rangi ile.

Rudi sasa kwa bosi na karatasi mbili. Ya kwanza iwe ramani yako ya mita 600: mabomba, vyoo, gereji, ghuba la taka, barabara za vumbi, viganja ukutani na tarehe zake. Ya pili iwe na maswali yako: kimo cha mdomo wa mtaro na cha bamvua, ukubwa wa kalvati ya mbele, nani atazibua, maji yakizidi yapite wapi, na nani anaishi pale mshale unapoishia. Kama wakikujibu kwamba pale mwisho ni uwanja wa wazi, waombe gari mwende pamoja.